Dozi ya Kuanzia Ndiyo Dozi ya Kuishia



Katika viwanda, bandarini na katika mashamba ya pwani yetu, kutoka Kionga na Palma hadi Mocímboa da Praia na Pemba, wamo wenzetu waliovuka miaka arobaini ambao hurudi kutoka hospitali na karatasi ya dawa ya kolesteroli. Mmoja ameandikiwa miligramu 10, mwingine 20, mwingine 80. Wakikaa kivulini saa ya mapumziko huanza kulinganisha. Mwenye 10 hudhani amepunjwa. Mwenye 80 hudhani anapewa sumu, naye huvunja kidonge chake vipande viwili bila kumwambia mtu. Wa tatu husema kwamba kolesteroli ni ugonjwa wa mabwana wenye magari, mchukuzi wa magunia haumhusu.

Jambo hili si dogo. Maoni ya makala hii ni kwamba dozi ya kuanzia lazima ipimwe kwa hatari aliyo nayo mgonjwa. Isipimwe kwa mazoea ya mwandikaji, wala kwa uzito wa mfuko, wala kwa sanduku lililobaki stoo. Tena kwetu sisi jambo hili ni zito kuliko kwa watu wa miji mikubwa. Wao wakianza na dozi ndogo, baada ya miezi mitatu hurudi, hupimwa damu, na dozi hupandishwa. Kwetu safari ya pili mara nyingi haiji. Nauli hakuna, ruhusa ya kazi haitoki, barabara haina usalama. Dozi aliyoanzia mtu ndiyo anayoishia nayo. Kwa hiyo ni wajibu iwe sahihi tangu siku ya kwanza.

Dawa yenyewe ni nini?

Kolesteroli ni mafuta yanayosafiri katika damu. Mwili wenyewe huyatengeneza, hasa katika ini, na mengine huongezeka kwa chakula. Aina inayoitwa LDL ikizidi kwa miaka mingi hujipachika katika kuta za mishipa kama ukoga wa chumvi ndani ya bomba la bwela. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hupata shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, hupata kiharusi. Kabla ya siku hiyo mtu haumwi popote, na ndiyo maana wengi hawaamini kuwa wanaumwa.

Statini ni jamii ya dawa zinazozuia ini kutengeneza kolesteroli nyingi. Ya kwanza iligunduliwa na mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, mwaka 1973, alipokuwa akichunguza ukungu wa aina ile inayoota juu ya vyakula. Mwaka 1987 Marekani iliruhusu statini ya kwanza kuuzwa. Mwaka 1994 uchunguzi uliofanywa katika nchi za kaskazini mwa Ulaya kwa wagonjwa wa moyo 4,444 ulionyesha kwamba waliopewa simvastatini, wakianza na miligramu 20, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 30 kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na ubishi wa maana kama dawa hii inaokoa watu.

Kwa miaka mingi statini zilikuwa mali ya makampuni machache yenye hati za kuzimiliki, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Hati ya simvastatini ilikwisha Marekani mwaka 2006, na ya atorvastatini mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani liliingiza simvastatini katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2007. Leo dawa hizi hutengenezwa na viwanda vingi kwa jina la asili na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu duniani. Mtu asitwambie tena kuwa ni anasa.

Nani anaihitaji?

Wengi hudhani kwamba dawa hutolewa kwa kuangalia namba ya kolesteroli peke yake. Sivyo. Jambo linaloangaliwa ni hatari yote kwa jumla: umri, mwanamume au mwanamke, sigara, shinikizo la damu, kisukari, na kama mtu amekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi. Mtu wa miaka 35 asiyevuta sigara, mwenye presha nzuri, anaweza kuwa na kolesteroli iliyozidi kidogo na asihitaji kidonge hata kimoja. Mzee wa miaka 60 mwenye kisukari na presha, anayevuta sigara, anaweza kuwa na kolesteroli ya kawaida na bado akaihitaji sana.

Katika nchi yetu mlango mkuu wa maradhi haya ni shinikizo la damu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2005, ulioongozwa na daktari wa moyo Albertino Damasceno wa Maputo, ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa miaka 25 hadi 64, 33 walikuwa na presha. Katika kila 100 waliokuwa nayo, 15 tu ndio waliojua. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2014 na 2015, ulikuta idadi imepanda hadi karibu 39 kwa kila 100. Kwa hiyo tusiikimbilie statini tukaisahau presha. Mkanda wa kupimia presha uwe wa kwanza, statini iwe ya pili. Lakini iwepo.

Tena Shirika la Afya Duniani limetoa majedwali ambayo muuguzi wa zahanati anaweza kuyatumia bila maabara yoyote. Anahitaji umri wa mtu, sigara, presha, uzito na urefu, basi. Jedwali humwambia ni watu wangapi katika 100 wa namna hiyo watakaopata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka kumi. Wakifika 20 au zaidi, shauri la statini linafunguliwa. Mwenye kisukari aliyefika miaka 40 naye huingia katika hesabu.

Dozi ya kuanzia

Sasa tufike kwenye kiini. Yafaa ifahamike kwamba miligramu 20 za dawa moja hazilingani na miligramu 20 za nyingine. Rosuvastatini ya miligramu 10 ina nguvu inayokaribiana na atorvastatini ya 20, nayo atorvastatini ya 20 inaipita simvastatini ya 40. Kwa hiyo wenzetu wanaolinganisha namba kivulini bila kusoma jina la dawa wanalinganisha pishi na debe.

Waganga huzigawa dozi katika madaraja. Daraja la kati hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 49. Humo mna atorvastatini ya 10 hadi 20, simvastatini ya 20 hadi 40, na rosuvastatini ya 5 hadi 10. Daraja la juu hushusha kwa nusu au zaidi. Humo mna atorvastatini ya 40 hadi 80, na rosuvastatini ya 20 hadi 40. Simvastatini ya 10 iko daraja la chini.

Mtu ambaye hajapata shambulio la moyo wala kiharusi, lakini hatari yake ni kubwa, huanzia daraja la kati. Huko Uingereza mwongozo wa serikali unataja atorvastatini ya 20 kwa watu hao. Mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, huanzia daraja la juu moja kwa moja, na mwongozo huo unataja 80. Hapandi ngazi moja moja, kwa sababu adui amekwisha kuingia nyumbani. Anayezaliwa na kolesteroli kubwa mno ya ukoo, yenye LDL ya miligramu 190 au zaidi kwa desilita, naye huanzia juu. Kiharusi cha mshipa kupasuka kina hesabu nyingine, na hapo daktari ndiye mwenye kuamua.

Wako pia wanaopunguziwa. Mzee sana, mtu mwembamba aliyedhoofika, mwenye figo mbovu au ini bovu, na mwenye kutumia dawa zinazogombana na statini, huanzia chini kwa sababu ya haki. Mama mjamzito au anayenyonyesha kwa kawaida hapewi kabisa. Mwanamke anayetumia statini akipata mimba, amwambie mganga mara moja.

Hoja mbili zinazopingana

Wako wasemao: anza kidogo kabisa, dawa ni sumu. Hoja hii ina sura ya busara, lakini kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo ni busara ya kumnyima mtu maji huku nyumba yake inaungua. Kila LDL ikishuka kiasi cha milimoli 1 kwa lita, mashambulio na viharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Anayepewa simvastatini ya 10 na kuachwa nayo miaka mitano amepewa jina la kutibiwa, lakini tiba yenyewe hajaipata.

Wako wasemao: basi mpeni kila mtu dozi kubwa. Hawa nao wamepotea. Dozi ikiongezwa maradufu, LDL hushuka kwa asilimia 6 tu zaidi. Atorvastatini ya 10 hushusha zaidi ya theluthi, na ya 80, iliyo mara nane, huvuka nusu kidogo tu. Kazi kubwa hufanywa na miligramu za kwanza, na miligramu za mwisho huleta faida ndogo pamoja na madhara zaidi. Historia imetufundisha hilo kwa gharama ya roho za watu. Kampuni ya Bayer iliuza statini iitwayo serivastatini hadi mwezi wa Agosti mwaka 2001, ilipoiondoa sokoni baada ya vifo vya watu waliooza misuli, wengi wao wakiwa kwenye dozi za juu au wakichanganya na dawa nyingine ya mafuta ya damu, jemfibrozili. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilikataza wagonjwa wapya kuanzishiwa simvastatini ya 80, kwa sababu ya misuli hiyo hiyo.

Kwa hiyo basi, kila mtu apewe inayomfaa. Na kama zahanati ina atorvastatini ya 20 tu, na mgonjwa wa moyo anastahili 80, aanze na hiyo 20 leo hii. Asikae akisubiri boti iliyo na dozi kamili, maana sehemu kubwa ya kinga imo katika hizo miligramu za kwanza.

Dawa zinazogombana

Mfanyakazi wetu mara nyingi ana maradhi zaidi ya moja. Anayetumia amlodipini kwa presha asivuke simvastatini ya 20. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri haruhusiwi simvastatini hata kidogo, atafutiwe nyingine. Dolutegraviri haina ugomvi huo. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya simvastatini na atorvastatini. Erithromisini na klarithromisini huzidisha nguvu hiyo kwa hatari. Maji ya balungi yakinywewa kwa wingi nayo huleta shida.

Wanaoishi na virusi wasidhani kwamba statini si yao. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa watu 7,769 wanaoishi na virusi, wakiwamo wa Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika ya Kusini. Waliopewa pitavastatini ya miligramu 4 kila siku walipata mashambulio ya moyo na viharusi pungufu kwa asilimia 35. Mradi mganga ajue dawa zote anazomeza mtu. Ukificha moja kwa aibu, unamfunga mganga macho.

Misuli ya mchapakazi

Malalamiko makubwa juu ya statini ni maumivu ya misuli. Lakini ni mfanyakazi gani wa shamba au wa bandari asiyeumwa misuli? Anayekata mkonge, anayebeba magunia, anayepasua nazi tangu alfajiri, atalala na maumivu awe na kidonge au asiwe nacho. Mwaka 2020 kulifanyika uchunguzi Uingereza ambamo watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maumivu walipewa kwa miezi tofauti statini, kidonge cha uongo, au hawakupewa kitu. Sehemu tisa kati ya kumi za maumivu waliyoyapata kwa statini waliyapata vile vile kwa kidonge cha uongo.

Hatusemi kwamba maumivu ni ya kubuni. Tunasema mtu asiache dawa peke yake. Ikiwa misuli inauma pande zote mbili kwa namna mpya, ikiwa imelegea, na hasa mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, acha kidonge siku hiyo hiyo na ukimbilie hospitali. Kama ni uchovu wa kazi uliouzoea, endelea, na umwambie muuguzi. Mara nyingi hupunguziwa dozi au hubadilishiwa aina, na maisha huendelea.

Hakuna maabara si kisingizio

Utasikia ikisemwa kwamba huku hatuwezi kutoa statini kwa sababu hakuna mashine ya kupima kolesteroli. Maabara ni kitu kizuri na tunakidai. Inapowezekana, damu ipimwe kabla, kisha ndani ya miezi mitatu, ili ijulikane kama dozi inafanya kazi. Lakini ukosefu wake usiwe hukumu ya kifo. Uingereza, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002, watu 20,536 walianzishiwa simvastatini ya 40 au kidonge cha uongo. Faida ilipatikana hata kwa wale ambao kolesteroli yao ilikuwa ya kawaida. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine katika nchi 21, kwa watu zaidi ya 12,000, ulitumia rosuvastatini ya 10 kwa wote bila kupandisha dozi kwa kufuata vipimo, na mashambulio yalipungua kwa karibu robo. Maana yake dozi moja iliyochaguliwa vizuri, ikimezwa kila siku, inalinda mtu hata pale ambapo maabara iko mbali.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake kidonge kimoja chenye statini pamoja na dawa za presha. Kidonge cha namna hiyo, chenye simvastatini ya 40, kilijaribiwa pia kwa majirani zetu wa Tanzania katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020. Kwa mtu wa safari nyingi, kidonge kimoja ni rahisi kukikumbuka kuliko vinne.

Vita na kidonge

Tangu Oktoba 2017 watu wa kaskazini ya Cabo Delgado wameishi na vita. Mocímboa da Praia ilishikwa mwaka 2020 ikakombolewa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Watu wamekimbia kwa miguu na kwa mashua, na hospitali na zahanati nyingi ziliharibiwa. Anayekimbia huacha vidonge nyumbani. Akifika ugenini hukutana na mganga asiyemjua, na mambo yote huanza upya, mara nyingi kwa dozi ndogo isiyomfaa.

Kwa hiyo kila mwenye dawa aandike kwenye karatasi jina la asili la dawa, namba ya miligramu, saa anayomeza, na sababu yake: "kwa shambulio la moyo" au "kwa kisukari". Aifunge ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake. Mwenye simvastatini ameze usiku. Mwenye atorvastatini au rosuvastatini ameze saa yoyote, mradi iwe ile ile.

Chakula nacho kina sehemu yake. Hatuwaambii watu wa pwani waache nazi. Lakini mafuta ya nazi hupandisha LDL kuliko mafuta mengine ya mimea, basi tui liwe jepesi na vikaango vipungue. Samaki na kunde tunavyo. Sigara haina utetezi wowote.

Madai yetu

Mwezi mmoja baada ya uhuru, Julai 1975, huduma za afya zilifanywa mali ya taifa. Nchi yetu ikaunda orodha ya dawa za lazima, ikaamua ziandikwe kwa jina la asili na zinunuliwe kwa zabuni, wakati mataifa mengi bado yalikuwa yakitawaliwa na majina ya makampuni. Hatuombi jambo geni, tunadai lile tulilolianzisha wenyewe. Mwaka 2011 uchunguzi wa nchi 17 ulionyesha kwamba katika nchi tajiri watu 66 kati ya 100 wenye maradhi ya moyo au waliopata kiharusi walitumia statini. Katika nchi maskini walikuwa 3. Moyo wa mfanyakazi haukuumbwa kwa nyama nyingine.

Kwa hiyo kamati za chama mahali pa kazi zipeleke madai haya katika mapatano ya pamoja na mwajiri:

Kwanza, kila mfanyakazi aliyefika miaka 40 apimwe presha na sukari kila mwaka, ndani ya saa za kazi, bila kukatwa mshahara, na matokeo yawe siri yake.

Pili, zahanati ya kiwanda au shamba iwe na statini ya jina la asili, ya daraja la kati na la juu, wala isiwe sanduku moja la miligramu 10.

Tatu, aliyepata shambulio la moyo au kiharusi aanzishiwe dozi inayomstahili kabla hajatoka hospitali, na apewe vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja.

Nne, ruhusa ya kurudi kupimwa iandikwe kuwa haki, isiwe fadhila ya msimamizi.

Nawe ndugu, ukiandikiwa dawa hii, uliza maswali matatu kabla hujainuka kitini: Hatari yangu ni kiasi gani? Dozi hii ni ya daraja gani? Nirudi lini? Mganga mwema hatakasirika. Akikasirika, uliza tena kwa adabu, maana jibu lake ndilo utakaloishi nalo miaka mingi.

Umoja na afya.